Uzi: Najifunza tanga ukubwani. Hivi demani ni kamba, ni upande au ni msimu?

Mnyaturu_Ufukweni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa bara, Singida. Nimekulia kwenye vumbi na alizeti, na maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya Ziwa Singidani, yale ya chumvi. Kazi imenileta Unguja, mwaka wa pili huu. Nimepanga kijiji cha kusini ambacho sitakitaja, maana wenyeji wake nao wana simu. Jirani yangu ni mzee mvuvi. Baada ya miezi kadhaa ya kuniona nimekaa barazani nikiitazama bahari kama mtu anayesubiri basi, akaniambia Jumapili twende. Sasa mwezi umetimia. Malipo yangu ni kufua maji ngamani, yaani kuyachota chini ya chombo na kuyamwaga nje, na kubeba ndoo ya samaki tukirudi.

Kuogelea najua kidogo, kutapika nimeshazoea. Kinachonishinda ni maneno. Jumamosi nilikaa na daftari nikakariri kwamba demani ni upande ule upepo unakoelekea, upande wa chini. Jumapili tuko nje ya mwamba, upepo ukaja kwa kishindo, mzee akapaza sauti: "Legeza demani!" Nikajiuliza upande unalegezwaje. Nikaona labda anataka nisogee huko. Nikasogea. Ngalawa ikalala, tengo la upande ule, lile gogo la pembeni linaloizuia isilale, likazama lote, maji yakanifika mapajani. Mzee akaacha kana, ule mkono wa usukani, akarukia kamba niliyokuwa nimeikalia, ambayo, nakiri mbele yenu, nilikuwa nimeifunga fundo gumu ili nipumzishe mikono. Akaikata kwa kisu cha chambo.

Kumbe demani ni hiyo kamba. Hakunigombeza hata neno, na hilo ndilo lililoniuma. Tunafika pwani, mkewe anauliza: "Mbona mapema, na demani yote hii?" Yeye alimaanisha msimu!

Mwenye kujua anisaidie. Msinipe kamusi, ninayo, ndiyo iliyonizamisha.

kalfati77

Kwanza mshukuru Mungu. Pili mnunulie mzee kamba.

Mimi ni fundi wa vyombo, Pemba, nimeanza kupiga kalfati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo, nikiwa darasa la tano. Nikuambie kosa lako: ulikariri jina bila kuuliza lile jina linafanya kazi gani. Tanga lina pembe ya chini nyuma, pale ndipo inapofungwa demani. Kamba hii ndiyo injini yako, breki yako na kengele yako ya hatari. Ukiikaza, tanga linajaa na chombo kinakwenda. Ukiilegeza, tanga linapigapiga na chombo kinasimama. Sasa fikiri: tanga likijaa, kamba hiyo inavutwa upande gani? Upande ule upepo unakokwenda. Kwa hiyo baharia akisema "upande wa demani" anasema upande iliko ile kamba. Ni neno lile lile, limetoka kwenye kazi likaenda kwenye mahali.

Msimu nao ndio huu tulio nao, mwishoni mwa kusi, ule upepo wa kusini, unapopoa na bahari inakuwa laini. Mke wa mzee amesema kweli kabisa, demani si wakati wa kurudi mapema.

Na demani HAIFUNGWI fundo gumu. Narudia kwa wengine wanaosoma kimya kimya. Unaizungusha mara moja kwenye mti, mwisho unabaki mkononi. Mkono ukichoka, piga fundo la kufyatua, lile unavuta ncha linaachia lote. Watu wengi waliopinduka kwenye vyombo vidogo hawakupinduliwa na bahari, walipinduliwa na fundo lao.

Amu_kwetu

Nimecheka hadi wanangu wameamka 😂

Kaka Mnyaturu, pole. Hapa Lamu mtoto wa miaka minane hutamfundisha demani, lakini mpeleke Singida umwambie apalilie alizeti uone.

Neno la pili lako ni joshi. Wengine husema goshi, usibishane nao, ni lile lile. Joshi ni pembe ya tanga ya mbele chini na kamba yake, na ndiyo pia huupa jina upande upepo unakotoka. Kwa hiyo joshi na demani ni mume na mke: upepo unaingia kwa joshi, unatokea kwa demani. Ukitupa maji machafu, tupa demanini. Ukitaka kutapika, demanini. Utakapotapikia joshini mara moja tu, hutasahau tena maana yake.

Nahodha akisema "kaeni joshini" maana yake uzito wote uende upande wa upepo ili chombo kisilale. Kwenye mashua zetu za mashindano tunatoa ubao mrefu nje, mabaharia wanakwenda kukaa huko kwenye ncha, juu ya maji kabisa. Wewe ulikwenda kinyume chake. Ulimsaidia upepo.

Mnyaturu_Ufukweni

Asanteni sana. Sasa nauliza kitu ambacho nimeogopa kumuuliza mzee. Kushoto na kulia vinaitwaje chomboni? Omo ni mbele, tezi ni nyuma, hivyo nimevielewa. Lakini sijawahi kumsikia akisema kushoto wala kulia. Kila kitu joshi, demani, joshi, demani, na tukigeuka vinabadilishana! Jana upande wa kwangu ulikuwa joshi tukienda, ukawa demani tukirudi.

Rotterdam_Mrima

Hapo umegusa penyewe, ndugu.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, niko Uholanzi miaka kumi na moja. Nilijiunga na darasa la tanga la wanaoanza kwenye ziwa, boti ya watu wawili, ya plastiki ngumu. Siku ya kwanza tulipewa karatasi yenye maneno arobaini. Wazungu wana neno maalumu la kushoto kwa chombo na neno maalumu la kulia kwa chombo, na hayabadiliki hata ukigeuka ukatazama nyuma. Neno lao la kulia limetoka enzi ambazo usukani ulikuwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia. Taa zao za usiku ni hivyo hivyo: nyekundu kushoto, kijani kulia.

Nikafeli jaribio la ile karatasi. Lakini tulipoingia majini mwalimu alishangaa, maana nilikuwa najua upepo uko wapi bila kutazama bendera. Babu yangu alinifundisha: geuza uso polepole mpaka masikio yote mawili yasikie mvumo sawa, hapo pua yako inaelekea upepo unakotoka. Wenzangu walikuwa wanajua majina yote arobaini, na boti zao zimeganda katikati ya ziwa, matanga yanapepea kama nguo kwenye kamba.

Mzee wako hasemi kushoto na kulia kwa sababu kwenye tanga havimsaidii kitu. Chombo hakijali kulia kwako ni wapi. Kinajali upepo unaingilia upande gani. Maneno yake yanageuka kwa sababu kazi yenyewe inageuka.

kalfati77

Rotterdam amesema vizuri. Naongeza tu kwamba unapokuwa unaelekeza mtu aliye mbele ya chombo atazame jiwe au mtumbwi, unasema kulia au kushoto kama kawaida, hakuna aliyekukataza. Lakini amri za tanga ni joshi na demani.

Tabata_Kimanga

Uzi mtamu ila naomba mtu achore basi hata kwa maneno. Foromali ni nini? Mlingoti ni nini? Mimi nikiona jahazi naona mti na nguo.

Amu_kwetu

Mti uliosimama ni mlingoti. Mti mrefu uliolala mshazari juu yake, wenye tanga limefungwa kwake kuanzia ncha hadi ncha, ndio foromali. Foromali kwa kawaida ni ndefu kuliko mlingoti wenyewe, na mara nyingi ni vipande viwili vilivyoungwa kwa kamba. Ncha moja iko chini karibu na omo, nyingine iko juu kabisa nyuma. Kamba nene inayoinyanyua ni henza. Ile inayopita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, unayoivuta wewe kwa jasho, ni jarari. Kwenye ngalawa ndogo hakuna mambo mengi, kamba moja inapita kichwani mwa mlingoti na kushuka, basi.

Kutweka tanga ni kulipandisha. Kutua tanga ni kulishusha. Kama huna uhakika na lolote jingine duniani, jua KUTUA. Upepo ukikuzidi, unatua, unakaa, unaomba dua.

Nyuma kuna usukani ndani ya maji, na mkono wake unaoushika ni kana. Kana ukiisukuma kulia, omo inakwenda kushoto. Hili linawatesa waanzilishi kuliko yote, kwa sababu wamezoea usukani wa gari.

Tabata_Kimanga

Kumbe "kushika usukani" wanasiasa wanashika mti wa kinyume. Inaeleza mengi.

Shangazi_wa_Feri

Mimi sipandi hivyo vyombo vyenu hata kwa dawa, boti za kwenda Zanzibar tu natia pamba masikioni. Lakini nimekaa hapa nasoma nikagundua tunaongea bahari kutwa nzima bila kujua. Mambo yameenda mrama! Kwani mrama si ule mtikisiko wa chombo kulala huku na huku? Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimetamka maisha yangu yote nikidhani mrama ni mahali, kama Mlandizi.

kalfati77

Ndiyo shangazi, mrama ni kuyumba ubavu kwa ubavu. Na kuna nyingine: "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Ngama ni lile tumbo la chini kabisa la chombo ambako maji yote yanakusanyika. Unaweza kutembea nyuma na mbele ukijifanya mkubwa, mwisho wa siku utarudi pale pale kufua maji. Mnyaturu ndiye anakaa huko kwa sasa.

Mswahili_Muscat

Salaam alaikum jamaa. Nasoma kutoka Oman, wazee wangu walitoka Unguja. Nimefurahi kuona joshi na demani bado vinasemwa, maana Kiarabu cha mabaharia wa zamani nacho kinavijua vyote viwili. Nahodha ni Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Rubani na usukani ni vya Kiarabu. Matlai, ule upepo wa mashariki, ni kutoka neno la mahali jua linapochomoza. Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, mzaliwa wa Julfar, bandari ya zamani ya Ghuba, aliandika mashairi marefu ya kuelekeza njia za bahari, moja likiwa la njia ya mpaka Sofala, Msumbiji ya leo. Manahodha walikariri beti ili wasisahau nyota na bandari. Kwa hiyo wewe na daftari lako hujakosea sana, ila yeye alikuwa na vina.

Rotterdam_Mrima

Huyo si ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India kutoka Malindi?

Mswahili_Muscat

Ni hadithi iliyozoeleka, lakini wanahistoria wengi siku hizi wanaikataa. Rubani aliyechukuliwa Malindi mwaka 1498 anadhaniwa zaidi kuwa mtu wa Gujarat, India. Tusimbebeshe mzee wa watu.

Amu_kwetu

Turudi kwenye maji.

Mnyaturu_Ufukweni

Nashukuru kwa wote. Leo Jumapili nimerudi na swali jipya, na aibu mpya.

Tulikuwa tunarudi, upepo unatoka kule kule kijiji kilipo. Mzee akasema, "Leo tutabisha." Nikajua anataka ubishi, nikamwambia, "Mzee mimi siwezi kukubishia." Akacheka, akaacha hata kuelekeza. Halafu tukaanza kwenda pembeni, mbali na kijiji! Nikaona minazi yetu inakwenda zake. Baada ya muda akasema, "Pindua!" Ndugu zangu, mimi niliposikia pindua nilishika jaketi langu la kuokolea kwa mikono miwili nikasoma sala zote ninazozijua.

Amu_kwetu

😂😂😂 Walahi huyu mtu ataniua.

Kupindua chombo si kukizamisha. Kupindua ni kukigeuza ili upepo uingilie upande wa pili. Kupinduka ndiko kwa kuzama. Tofauti ni herufi moja tu, lakini kati ya maneno hayo kuna bahari nzima.

kalfati77

Nieleze kubisha kidogo maana hapa ndipo mtu anapoacha kuwa abiria.

Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Hakuna, hata zile za mashindano za matajiri. Zile za kisasa zinasogelea upepo kwa nyuzi kama 45 au pungufu kidogo. Ngalawa na jahazi haziwezi hivyo, zinahitaji nafasi kubwa zaidi. Basi unafanya nini? Unakwenda mshazari, upepo ukiingilia bega la kulia, kisha unapindua, unakwenda mshazari upande wa pili upepo ukiingilia bega la kushoto. Zigizaga mpaka ufike. Hiyo ndiyo kubisha, na neno ni lile lile la ubishi wa barazani. Upepo unasema hapana, wewe unasema ndiyo, kwa adabu na kwa kuzunguka.

Sasa hesabu ndogo. Ukienda kwa nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, kila maili moja ya kusogea kijijini unaitembea maili mbili majini. Ndiyo maana mlichelewa na ndiyo maana minazi ilikuwa inakwenda zake. Haikwenda, mlikuwa mnalipa nauli.

Rotterdam_Mrima

Swali kwa mafundi. Huku boti zetu zinapindua kwa kupitisha omo kwenye upepo. Unasukuma kana, tanga linavuka juu ya kichwa, unainama, kwisha, sekunde tano. Kuna mti chini ya tanga unaokupiga utosini usipoinama, ninao ushahidi. Lakini nyumbani nakumbuka babu alikuwa anafanya kinyume, anaupa upepo mgongo.

Amu_kwetu

Ni kwa sababu ya foromali. Foromali inakaa upande mmoja wa mlingoti. Ukivusha omo kwenye upepo, tanga linabanwa kwenye mlingoti na kukatwa vipande viwili kama embe, linafanya kazi vibaya na linaweza kukurudisha nyuma. Chombo kidogo kwa muda mfupi mtu anavumilia. Lakini ukitaka kwenda mbali, unapindua kwa demani: unaelekeza omo mbali na upepo mpaka uje nyuma kabisa, unaachia demani yote, foromali inasimamishwa wima ikumbatiane na mlingoti, ncha yake ya chini inavushwa mbele kwenda upande wa pili, na demani inazungushwa kwa nje kupita mbele ya tanga. Halafu unakaza upya. Kulihamisha tanga hivyo ndiko kukisi.

Kwenye jahazi kubwa hiyo ni kazi ya watu wengi na nyimbo. Kwenye ngalawa ni watu wawili na matusi.

Angalizo: wakati demani iko huru inachapa kama mjeledi. Usikae demanini, usitumbukize mguu kwenye mzingo wa kamba, na usiangalie minazi.

kalfati77

Nakubaliana na yote isipokuwa matusi. Pemba tunafanya kimya.

Amu_kwetu

Pemba hata samaki mnawavua kimya, tunajua.

Shangazi_wa_Feri

Swali la kipumbavu. Vyombo viwili vya tanga vikikutana, nani anampisha nani? Au mwenye sauti kubwa?

Rotterdam_Mrima

Si la kipumbavu shangazi, ni la mtihani. Kuna kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972. Kwa tanga zinasema hivi: kama upepo unawaingilia pande tofauti, anayeingiliwa kushoto anampisha anayeingiliwa kulia. Kama wote wanaingiliwa upande mmoja, aliye karibu na upepo unakotoka anampisha aliye chini yake. Sasa tazameni, hata kanuni zao zenye majina ya kushoto na kulia, zikifika kwenye tanga zinauliza swali la mzee wa Mnyaturu: joshi yako iko wapi?

Chombo cha injini kwa kawaida kinapisha cha tanga. Lakini usiende kusimama kwenye mlango wa bandari mbele ya meli ya makontena ukidai haki. Kwenye mkondo mwembamba wewe ndiye unayetakiwa usimzuie.

Tabata_Kimanga

Sawa na bajaji na lori la mchanga.

kalfati77

Kabla hujaenda Jumapili nyingine, Mnyaturu, jifunze pia maneno ya maji na ya upepo, maana tanga ni nusu ya kazi.

Upepo hutajwa kwa unakotoka. Kaskazi inatoka kaskazini, takriban Desemba hadi Machi. Kusi inatoka kusini, kuanzia Aprili hivi, na katikati ya mwaka ndipo inakuwa kali. Kati ya hizo mbili kuna tanga mbili, upepo haujaamua, asubuhi huku jioni kule. Zaidi ya hapo kuna umande, upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu. Wavuvi wanatoka nao, na upepo wa bahari wa mchana ukiamka unawarudisha. Mzee wako hakuamshi saa kumi na moja kwa ukatili.

Mkondo ni kinyume chake, hutajwa kwa unakokwenda. Usichanganye.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: kwenu Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ndogo. Ukiacha chombo ufukweni siku ya bamvua bila kuangalia, utarudi ukikute kimekaa juu ya mchanga, maji yako huko yanaonekana kama mstari. Hapo umepwelewa. Ni saa nyingi za kukaa na kufikiria maisha yako.

Mnyaturu_Ufukweni

Nimerudi baada ya wiki tatu, kazi zilinibana.

Nimeliacha daftari nyumbani. Badala yake nimefanya kama alivyosema kalfati77, kila neno nilishike kwanza kwa mkono. Mzee akisema joshi, naigusa. Akisema jarari, naivuta hata kama hajasema nivute, ananiambia wacha. Kuna mjukuu wake wa miaka saba anatusindikiza mpaka maji ya kiunoni, na huyo ndiye mwalimu mkali. Juzi nimesema "nipe ile kamba." Akaniuliza, "Kamba gani? Hapa kuna kamba nne." Akasimama, hakunipa mpaka nilipoitaja.

Jana tulibisha kutoka mwambani. Mara nne tumepindua, zote kwa demani. Mara ya kwanza nilivusha ncha ya foromali nikasahau kuizungusha demani kwa nje, tanga likawa limejikunja kama mwavuli uliopigwa na dhoruba. Mzee akatazama pembeni, akawa anaangalia ndege. Nikarekebisha mwenyewe. Mara ya pili na ya tatu zilikwenda. Ya nne, upepo ukaja mkubwa katikati ya zoezi, na kabla hajafungua mdomo kamba ilikuwa imeshaachia mikononi mwangu. Sikukumbuka neno lolote wakati ule. Nililisikia baadaye, yeye akilitamka taratibu kana kwamba ananipa jina la kitu nilichokwisha kukifanya: "Demani."

Kisha akanipa kana, kutoka mkondoni mpaka ufukweni. Nimesukuma kinyume mara mbili tu.

Kile kipande cha kamba alichokikata siku ile hakukitupa. Kina fundo langu bado, hakuna aliyeweza kulifungua. Amekitundika kwenye mlango wa banda. Wageni wakiuliza anawaambia ni hirizi ya mtu wa bara.

Amu_kwetu

Na kamba mpya umemnunulia?

Mnyaturu_Ufukweni

Pima kumi, ya nailoni.

kalfati77

Ya nailoni inateleza mkononi ikilowa, na ikikimbia inachoma kiganja. Mwombe mzee akuchagulie siku nyingine. Kwa sasa ichome ncha zote mbili kwa moto isifumuke, na usiifunge.